Majibu ya Mwalimu Haraka

Uingereza,
Jumapili mchana

Dada yangu Mwikali,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa baridi hii isiyo na adabu hata kiangazi. Natumai mko salama hapo Kivaa, goti lako limepunguza kuuma, na pojo mmezitoa shambani zote. Shemeji naye, je, amekubali kwenda kupimwa macho au bado anasoma gazeti akiwa amelishika mbali kama mtu anayemwogopa nyoka? Mimi ni mzima. Mgongo unauma kwa sababu ya kuinua wazee, lakini nimeuzoea.

Uliniambia nisikutumie sauti tena kwenye simu, kwa sababu sauti zangu ni za kugombana na zako ni za kunijibu. Ukasema, "Andika barua, Syombua. Karatasi. Mtoto aisome akitaka, na asipotaka ikae hapo kwa meza." Basi naandika. Kuna muuguzi mmoja wa Tala anakuja nyumbani likizo wiki ijayo, amekubali kuibeba. Mengi yaliyo humu unayajua, na mengine ni wewe uliyenisimulia, kwa hivyo nivumilie. Mueni hajaongea na mimi kwa wiki nne sasa. Nataka binti yangu anisikie tangu mwanzo. Sina sababu nyingine ya kuandika.

Nianze na Nzioka, maana yeye ndiye aliyeanza. Mueni alikuwa mdogo, kuna mambo hakuambiwa. Mimi nilifundisha hesabu katika ile sekondari miaka saba, mwalimu wa bodi, wa mkataba wa shule tu, na Nzioka alikuwa mwalimu wa serikali na mkuu wa idara. Kila Jumatatu jioni nilibandika swali moja kwenye ubao ulio nje ya chumba cha walimu. Maswali yalitoka hapo hapo kwetu: maembe, mbuzi, malori ya mchanga, foleni ya maji. Jumatano nilibandika jibu la Mwalimu Haraka. Mwalimu Haraka hakuwa mtu, nilimtunga mwenyewe. Alikuwa mwalimu anayekimbilia jibu kabla ya kusoma swali vizuri, na kila jibu lake lilikuwa na kosa moja linalofanana sana na ukweli. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kumkamata kabla ya Ijumaa. Wee, walivyompenda! Watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya darasa walisukumana pale ubaoni wakipiga kelele, "Haraka ameanguka hapa! Hapana, ameanguka huku!" Mtoto akishamkamata mwalimu akikosea, haogopi hesabu tena.

Maswali hayo niliyaandika katika madaftari matatu makubwa ya jalada gumu, maswali mbele, majibu ya Haraka nyuma. Majibu ya kweli yalikuwa kwenye karatasi zangu za kufundishia, ndani ya mkoba. Kila mwanafunzi wa shule ile alijua hivyo. Nzioka hakujua, kwa sababu kwa miaka saba hakusimama mbele ya ubao ule hata Jumatatu moja. Alikuwa anapita tu na kikombe chake cha chai.

Siku moja akaja mezani kwangu akitabasamu. "Mwalimu Syombua, hebu niazime hayo madaftari. Nataka kuonyesha mkaguzi, ajue idara inafanya kazi." Nikampa. Nilifurahi hata, fikiria ujinga wangu. Muhula ukaisha, madaftari hayakurudi. Nikiuliza, yako kwa mkaguzi. Nikiuliza tena, yako kwa gari. Nilipouliza mara ya tatu, mbele ya walimu wengine, alicheka akasema, "Huyu ni mwalimu wa bodi, kazi yake ni kufuta ubao. Madaftari ni ya idara." Chumba kizima kilicheka. Mpaka leo namkumbuka aliyemwaga chai kwa kucheka. Muhula ulipofungwa bodi ikaniandikia kwamba mkataba wangu umeishia hapo, na mwaka uliofuata kijitabu kikatoka, karatasi za kung'aa, jina lake kwa herufi nene: Hesabu za Maisha Yetu. Maisha yetu! Mtu ambaye hajawahi kusimama kwa foleni ya maji.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafika huku. Nilisikia habari za kijitabu nikakataa kukitazama. Ningekitazama ningevunja kitu, na vitu vya huku si vyangu.

Kazi yangu unaijua, kuhudumia wazee. Kuna bibi mmoja anaitwa Dorothy, ana miaka tisini na kitu, alikuwa mwalimu wa hesabu maisha yake yote. Miguu imekataa lakini akili bado inatembea. Kila asubuhi baada ya uji ananiambia nimletee tableti yake, anafungua ukurasa na kutatua swali moja. Mara ya kwanza nilisimama nyuma yake na bakuli mkononi nikasahau nilikuwa nalipeleka wapi. Ilikuwa tovuti ya hesabu, ya bure kabisa, hakuna kulipa wala kujiandikisha. Kuna maswali ya watoto wadogo mpaka wa sekondari, kuna vidokezo kwa aliyekwama, na kando kuna maelezo ya mwalimu: uliza hivi, usitoe jibu mapema, waache wabishane kwanza. Wanafunzi kutoka pande zote za dunia wanatuma majibu yao, na yaliyo mazuri yanawekwa pale pamoja na jina la mtoto na la shule yake. Niliona mtoto wa kijiji nisichoweza kutamka jina lake amewekwa kando ya mtoto wa jiji kubwa, swali moja, njia mbili.

Dorothy akaona midomo yangu inacheza. "Wewe ni mwalimu?" akaniuliza. Mimi huyo, na glavu na aproni. Nikamwambia nilikuwa. Akasema, "Basi vuta kiti, tulifanye pamoja." Siku hiyo nililia chooni, Mwikali, sikukuambia.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaandika maswali yangu upya, kutoka kichwani na kutoka zile karatasi za mkoba nilizokuja nazo. Nilitengeneza ukurasa wangu kwa simu, mapumziko ya chakula, kidole kimoja. Sikuweka video, kwa sababu najua bando la Kivaa linavyokatika. Ni maandishi tu na michoro myepesi, simu yoyote inafungua. Swali, vidokezo vitatu, jibu, na maelezo ya mwalimu kwa Kiswahili cha kawaida. Nikauita Swali la Jumatatu. Niliandika juu kabisa kwamba ni bure, na kwamba mwanafunzi yeyote akituma jibu zuri, au akinikamata nimekosea, jina lake litawekwa pale watu walione. Mwalimu mmoja wa Kinanie akaniandikia kwamba darasa lake la watoto sitini linabishana mpaka kengele hawaisikii. Mwingine wa Wamunyu akaniuliza kama anaweza kuchapa maswali abandike ukutani. Nikamwambia abandike mpaka kwa mlango wa choo.

Watu walinisifu sana kwa moyo wa kujitolea. Wewe nitakuambia ukweli. Nilifanya kwa hasira. Kila swali nililoweka nilikuwa naona uso wa Nzioka. Nilitaka kile anachokiuza kiwe kinapatikana bure kila mahali, kijitabu chake kibaki dukani kikiliwa na mende. Nilikuwa naosha sahani nikitabasamu, na wenzangu wakidhani nimepata mchumba.

Halafu Januari, mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa yuko chuo, akanitumia picha za kijitabu chenyewe, ukurasa kwa ukurasa. "Mwalimu, hebu angalia haya majibu," akaandika. Nikaangalia. Swali la mbuzi: bei imepanda asilimia ishirini Desemba, ikashuka asilimia ishirini Januari, mbuzi ni bei gani sasa? Kijitabu kinasema bei imerudi ile ile. Swali la nguzo za fensi, swali la bodaboda, yote. Nzioka alikuwa amenakili majibu ya Mwalimu Haraka! Yote sabini na mawili ya kijitabu, nukta kwa nukta, akayaita majibu sahihi. Mkuu wa idara hakukaa chini kutatua hata moja. Mbuzi wa elfu tano anapanda mpaka elfu sita, akishuka asilimia ishirini ya elfu sita anafika elfu nne mia nane. Hata mtoto wa sokoni angemwambia.

Nilicheka mpaka Dorothy akabonyeza kengele akidhani nimeanguka. Nikamweleza. Alicheka pia, kisha akaniuliza, "Na watoto waliokinunua?"

Nikamwambia watajua baadaye.

Ndivyo nilivyosema. Ningeweza kuweka makosa yale kwenye ukurasa siku hiyo hiyo. Nilikuwa na majibu ya kweli na nilikuwa na saa moja ya mapumziko. Lakini nilijua Julai kuna siku ya wazazi. Nilijua Nzioka atatangazwa naibu mwalimu mkuu mbele ya mgeni kutoka ofisi ya elimu, na kwamba ataleta kijitabu chake toleo la pili. Nilitaka watu wawe wengi. Alinicheka mbele ya chumba kizima, mimi nilitaka uwanja mzima. Basi nikangoja miezi sita, na nilingoja vizuri. Niliandaa ukurasa mmoja mrefu, kila swali na nambari ya ukurasa wake katika kijitabu, na chini yake: "Jibu hili ni la Mwalimu Haraka. Jibu la kweli ni hili." Asubuhi ya siku ya wazazi nikaufungua, nikautuma kwa magrupu ya wazazi na ya wanafunzi wa zamani.

Yaliyotokea umenisimulia mara tatu na bado sijashiba. Acha nisimulie mimi. Nzioka amesimama na suti ya kijivu, kijitabu mkononi, anamwambia mgeni jinsi alivyofanya utafiti miaka mingi. Mzee Kiilu, yule wa kupiga fensi, akainua mkono na simu ya mjukuu wake.

"Mwalimu, mimi niko na swali kidogo. Hii ya nguzo. Shamba iko mita mia upande mmoja, na kila mita tano unaweka nguzo. Ni nguzo ngapi?"

"Ishirini," Nzioka akasema, hata kitabu hakufungua. "Mia gawanya kwa tano."

"Ishirini?"

"Ishirini, mzee. Hesabu ni hesabu."

"Sasa waya nitafunga wapi kule mwisho? Ama nisimame hapo mimi mwenyewe nikishika?"

Dada, ulisema watu walicheka mpaka hema likatikisika. Ni ishirini na moja, kila mtu aliyewahi kuchimba shimo la nguzo anajua, kwa sababu ile ya kwanza inasimama kabla hujapima mita hata moja. Nzioka akaanza kusema nguzo ya mwisho haihesabiwi. Ndipo msichana wa kidato cha nne akasimama na simu yake. "Mwalimu, hata ya mbuzi iko na makosa. Ukurasa wa nne. Na ya bodaboda." Na huko nyuma, wanafunzi wangu wa zamani waliokuja na watoto mgongoni, wakaanza kupiga makofi na kuimba, "Haraka! Haraka! Haraka!" Mgeni wa ofisi ya elimu akauliza ni nini wanachosema, akaelezwa. Akakunja karatasi ya tangazo la unaibu, akairudisha mfukoni.

Naomba Mungu anisamehe, lakini nilifurahi. Ukiniuliza leo, kwa upande wa Nzioka sijuti hata chembe. Na alipokuja kwako wiki ile na sukari kilo mbili na unga, akakaa kwa kile kiti kibovu akisema, "Mwaitu, mama yetu, mwambie mdogo wako atoe hiyo kitu kwa mtandao, mimi ni mtu wa familia," na wewe ukampa chai, ukamwambia, "Mwalimu, mimi ni mkulima tu, hizo za mtandao ni za wasomi kama wewe," nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Sitoi. Mwambie hivyo akirudi. Atarudisha madaftari yangu matatu kwa mkono wake, ataandika jina langu kwa herufi nene kama lake, na hata hivyo sitoi.

Sasa nimefika mahali pagumu.

Siku ile ile ulipokuwa unanisimulia kwenye simu tukicheka sote wawili, ulisema, "Ngoja, Mueni anataka simu." Nikajua anataka kunipongeza. Akasema, "Mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu Januari," nikasema, bado nacheka.

"Mimi nilishindana Juni."

Akakurudishia simu. Hayo tu, na tangu hapo hajasema lingine.

Nilijua alikuwa ameenda mashindano ya hesabu ya kaunti ndogo, akiwakilisha ile ile shule ya Nzioka, na kwamba hawakushinda. Hamkuniambia alivyoshindwa, mlidhani mnanikinga. Ilibidi unieleze baadaye, na ulinieleza kwa ukali, na ilikuwa haki yako. Kwamba lilikuwa swali la mwisho, shule mbili zimebaki, yeye jukwaani. Bodaboda ameenda Matuu kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, akarudi njia ile ile kwa arobaini. Mwendo wake wa wastani ni upi? Kwamba aliinua mkono kabla msomaji hajamaliza, akasema hamsini kwa sauti kubwa, na mvulana wa shule ile nyingine akasema arobaini na nane, na ukumbi ukampigia makofi. Kwamba Jumatatu yake Nzioka alimsimamisha mbele ya paredi, shule nzima imejipanga, akasema, "Huyu ametuaibisha. Lakini tungetarajia nini, damu ni ile ile ya kufuta ubao."

Nilikuuliza kwa nini hakusema jibu lilitoka kwa kijitabu chake Nzioka mwenyewe. Ndipo ukaniambia lile ambalo tangu siku hiyo linanila. Mueni alikinunua kijitabu kwa siri, asiniudhi. Alipokifungua aliyatambua maswali. Alikuwa anapitia shuleni kwangu kila Jumatatu jioni akiwa darasa la sita, ananishikia pini nikibandika. Jumatano hakuwepo, kwa hivyo hakumjua Haraka. Akakuambia, "Nilijua ni za mama, ndiyo maana niliziamini." Aliyakariri majibu yote sabini na mawili kwa sababu alifikiri ni yangu. Na pale kwenye paredi alifikiri mimi ndiye niliyekosea miaka ile yote, akanyamaza, watu wasijue kosa ni la mama yake.

Mwikali, uliniambia neno moja ambalo sitalisahau: "Umemchapa Nzioka kwa mgongo wa mtoto wako." Nilikukatia simu. Nilikuita majina. Nisamehe, dada. Lilikuwa neno la kweli na ndiyo sababu nilikasirika.

Mueni, ukisoma hapa, sitakupa sababu nzuri kwa sababu sina. Nilikuwa na majibu ya kweli mkononi mwangu miezi sita, na nikayaficha ili mtu mmoja aanguke mbele ya watu wengi. Sikuwaza nani mwingine amesimama pale atakapoangukia. Bibi wa miaka tisini asiyejua Kivaa iko wapi aliwaza, mimi mama yako sikuwaza. Dorothy nimemweleza yote. Hakuniambia chochote cha kunifariji. Alisema tu, "Kwa hivyo sasa mtoto anafanya hesabu na nani?"

Wanafunzi wengine pia walikinunua kile kijitabu, na wao nimewaandikia kwenye ukurasa, mbele kabisa, kwamba nilijua na nikachelewa kusema. Wazazi wengine wamenitukana pale chini. Nimeyaacha matusi yao yakae, sifuti.

Lakini usidhani nimelegea. Nzioka bado ana madaftari yangu na mimi bado ninamhesabia siku.

Nisalimie shemeji Mutua, mwambie miwani si uchawi. Msalimie shangazi yetu Kalekye, aendelee kuniombea lakini apunguze kuniombea mume. Mjomba Musau mwambie nimesikia habari za ng'ombe wake na nimesikitika. Watoto wako wote wabusu kwa niaba yangu, hata yule mkubwa asiyetaka kubusiwa. Na Mueni usimwambie chochote. Weka barua hapo kwa meza kama ulivyosema.

Wako anayekukumbuka kila siku ya Mungu,
Mdogo wako,
Syombua

Jumatatu, saa nne asubuhi.

Dada, nimeirarua bahasha. Nilikuwa nimeshaifunga, naenda kumpa yule muuguzi, nikapitia ukurasa wangu kama kawaida kuona ni wanafunzi gani wametuma majibu. Kuna moja lilitoka Kivaa. Mtumaji ameandika jina kamili, Mueni Syombua, na shule yake, kama masharti yanavyotaka. Hakuna salamu.

Ni kuhusu swali la sitini na tatu. Kijana anachimba kisima cha mchanga katika mto uliokauka. Kila mchana anachimba futi tatu, kila usiku mchanga unamwangukia futi moja. Maji yako futi tisa chini. Atayafikia siku ya ngapi? Kijitabu cha Nzioka kinasema ya tatu, hilo ni la Haraka. Mimi kwenye majibu yangu ya kweli niliandika ya tano: anapata futi mbili kila siku, tisa gawanya kwa mbili ni nne na nusu, kwa hivyo siku ya tano.

Mueni ameandika hivi, nanakili neno kwa neno:

"Jibu la mwalimu lina kosa. Siku ya kwanza usiku amebaki futi mbili, ya pili nne, ya tatu sita. Siku ya nne mchana anachimba tatu, anafika tisa, amepata maji. Mwalimu amemfanya angoje usiku mwingine mchanga umwangukie wakati maji ameshayafikia. Mtu aliyeyafikia maji hangoji."

Nimechora kwenye karatasi ya dawa, nimehesabu kwa vidole, nimempelekea Dorothy. Ni siku ya nne. Miaka hii yote ilikuwa ya nne.

Jibu lake haliwezi kuonekana na watu mpaka mimi mwenyewe niliruhusu. Nzioka husoma ukurasa ule kila siku, najua, ananitafutia kosa. Atalichapa, atalipeleka kwa ofisi ya elimu, atalisoma kwa paredi. Nimekaa na kidole juu ya simu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukuambia.

Nimeliruhusu. Liko juu kabisa, jina lake na shule yake, na chini nimeandika: "Amenikamata." Mwambie aende akaone.